Pumzi za Maalim Simai

Magomeni, Dar es Salaam
11 Februari 1970

Wifi yangu Kidawa,

Shikamoo. Nimefika salama juzi. Bahari ilikuwa shwari, ila mimi nilitapika toka Unguja mpaka Dar es Salaam kama niliyelishwa sumu. Mama nimemkuta kitandani, mguu umevimba, lakini ulimi mzima. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Umekonda kama ukuti, huko wanakulisha nini?"

Nimekuachia kaka yako, nawe unajua sikupenda. Cheti cha ruhusa ya safari kimeandikwa miezi miwili, nitarudi inshaallah kabla hakijakwisha. Uji wake uwe mwepesi. Mwinue kichwa kwanza, mpe kijiko, kisha ungoje ameze. Mgeuze asubuhi, adhuhuri na magharibi. Upande wa kushoto ndio unaofanya kidonda.

Na moja zaidi. Usijichoshe kumsemesha. Nakujua wewe, utakaa kitako umhadithie mambo ya mtaa mzima. Daktari alitwambia mimi na wewe tumesimama pamoja pale mlangoni: mwili upo, fahamu hazipo. Mwaka wa pili huu tangu aanguke. Hata Yasini ya Alhamisi usisome wewe, mwachie Maalim Ame. Yeye amehifadhi, na wewe macho yako mabovu.

Nisalimie Bi Time wa chini na watu wote wa Sokomuhogo.

Wifi yako,
Tabia


Sokomuhogo, Unguja
29 Machi 1970

Wifi Tabia,

Marahaba. Barua yako niliipata, na mama yako mpe pole yangu. Mwambie hatukukukondesha sisi, umejikondesha mwenyewe kwa kukesha.

Simai yuko vile vile ulivyomwacha. Uji anameza. Jana Bi Time alipanda kumtazama, akasema, "Mgonjwa wenu huyu anashiba kuliko mimi nnayepanga foleni ya mchele toka alfajiri." Tukacheka. Kisha nikaona haya kucheka mbele ya mgonjwa, kisha nikakumbuka kwamba hasikii.

Alhamisi tulidhani ndiyo siku yake. Maalim Ame alikuwa na udhuru, akaja Shaame mtoto wa ami yangu kusoma badala yake. Shaame unamjua, anasoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Hajafika katikati, jasho likamtoka Simai kwenye paji la uso, matone manene, na pumzi zikawa zinakatika. Shaame akafunga msahafu. "Jasho la mauti hili, dada," akasema. Tukamwelekeza kibla, nikamlakinia shahada sikioni. Mara ya tatu hiyo tangu augue. Tukaitoa ile sanda sandukuni, Shaame akaipima kwa macho: "Maalim mrefu. Dhiraa hizi hazimfiki, tutamzika miguu nje." Tukabishana kama azikwe Mwanakwerekwe au Chukwani alikolala mama. Mimi nikasema, nimeushika mkono wake, Mola amchukue apumzike, na sisi tupumzike.

Baada ya nusu saa jasho likakauka, akalala kama mtoto aliyechoka kulia. Nikairudisha sanda sandukuni.

Kule Michenzani wanavunja vibanda ili wajenge yale majumba marefu. Vumbi linafika hata kwenye nguo zetu tulizoanika juu ya dari.

Miezi yako miwili inakaribia kwisha. Rudi, wifi. Nyumba hii watu wawili hawaitoshi, na mmoja wao hayumo.

Wifi yako,
Kidawa


Magomeni, Dar es Salaam
17 Mei 1970

Wifi yangu Kidawa,

Shikamoo. Utakuwa umeona miezi miwili imepita na mimi kimya. Nimeanza barua hii mara tano, na mara zote nimeandika habari za mguu wa mama. Leo naandika habari yangu.

Sitaki kurudi. Nataka ndoa yangu ivunjwe.

Nina miaka thelathini na mbili, sina mtoto, na mume wangu ni mtu nnayemgeuza kama mkeka. Wewe ndiye wa kwanza kunielewa. Khelef wako alitoka nyumbani Januari ile ya sitini na nne akasema anakwenda kutazama kuna nini mtaani. Hakurudi, na kaburi hukuoneshwa. Mwaka wa saba huu, wewe si mke wala si mjane. Nimekuona ukiamka ukipanga vikombe viwili. Mimi siyawezi hayo.

Nimeuliza. Kadhi anaweza kuivunja ndoa ya mtu aliyepotelewa na fahamu. Anachotaka ni mtu mmoja wa damu yake, anayemhudumia kila siku, aende aape kwamba hazimo. Shaame siye, haji ila Alhamisi, tena akikumbuka. Ni wewe.

Najua nnachokuomba. Mtu mwengine nisingethubutu kumwomba.

Wifi yako,
Tabia


Sokomuhogo, Unguja
14 Juni 1970

Wifi Tabia,

Nilipoisoma barua yako nilikaa ngazini, nikalia, kisha nikaenda kupika, maana uji wake haungojei machozi.

Sikukasirika. Siku ulipoletwa nyumba hii kiatu kimoja kilikatika palepale ngazini. Ukapanda ukichechemea huku unacheka ndani ya buibui, na Simai juu anauliza, "Bibi harusi mguu unamuuma?" Nikakupenda toka ngazi ile. Basi nilivyokupokea ndivyo nitakavyokupeleka.

Umesema kweli kuhusu Khelef. Hakuna aliyenipeleka kwa kadhi, wala hakuna aliyeniuliza. Siwezi kukufunga wewe kwenye maiti inayopumua. Neno hilo, Mungu anisamehe, nililisema kwa sauti chumbani mwake, nikimkausha miguu.

Nimekwenda kuuliza siku. Tumepewa Jumatatu, tarehe 13 Julai. Nitaapa.

Wifi yako mpaka siku hiyo, na baada yake pia,
Kidawa


Sokomuhogo, Unguja
12 Julai 1970

Tabia,

Kesho siendi kwa kadhi. Soma barua hii umekaa.

Alhamisi nilimwambia Maalim Ame asije. Nilitaka nimsomee Simai mwenyewe, iwe kama kumwomba radhi kabla ya kiapo. Nikakaa karibu na kitanda chake cha samadari, miwani yangu unaijua, kioo kimoja kina ufa. Nikafika mahali nikaruka aya. Sikujua kwamba nimeruka. Nilichojua ni kuwa chumba kimenyamaza ghafla. Nikamtazama, hapumui.

Nikadhani amekufa. Sikupiga kelele, na sijui kwa nini, nikafanya nilivyokuwa nikifanya nina miaka minane: nikarudi nyuma, nikaisoma ile aya niliyoiruka. Akashusha pumzi.

Wewe umeolewa naye lakini hukusoma kwake, kwa hivyo nitakueleza. Simai chuoni, alikotusomesha Kurani, hakuwa na bakora. Wala hakuwa akisema "umekosea". Ukikosea alizuia pumzi, basi. Anakaa hivyo hivyo macho chini, na wewe unahisi kama nyumba nzima inakungoja, mpaka urekebishe. Ukirekebisha, anapumua, unaendelea. Watoto wote wa mtaa huu waliopita mikononi mwake wanalijua hilo. Mwanawe Bi Time alikuwa akisema, "Maalim nusura nimuue leo, nimekosea sura nzima."

Nikaruka tena, makusudi. Akazuia. Nikarekebisha, akaachia. Nimefanya hivyo mara saba, Tabia, msahafu nikauweka kwenye marfaa, kile kibao chake. Kisha nikaacha kusoma nikasema, "Wewe ni Shaame." Akazuia. "Wewe ni Simai bin Kombo." Akaachia. "Mama yetu kazikwa Mwanakwerekwe." Akazuia. "Chukwani." Akaachia, na jasho likamtoka pajini, matone manene yale yale.

Ndipo nilipofahamu jasho lile. Shaame siku ile alikuwa akikosea kila baada ya aya mbili, na kaka yangu alikuwa anamsahihisha kwa nguvu zake zote. Sisi tukamlakinia shahada.

Mumeo yupo. Tangu lini yupo sijui, labda hakuondoka hata siku moja. Sijamwambia mtu. Nimetaka wewe uwe wa kwanza. Panda chombo cha kwanza utakachokipata, uje uone uso wake utakapomwita.

Kidawa


Magomeni, Dar es Salaam
25 Julai 1970

Wifi Kidawa,

Shikamoo. Barua yako imenifika. Nimefurahi kwa furaha yako, lakini naogopa kwa ajili yako.

Pumzi ya mgonjwa ni pumzi, wifi. Hupanda, hushuka, hukatika. Mtu aliyekaa peke yake na mgonjwa miezi sita anaweza kusikia lolote analotaka kulisikia. Daktari alimchoma sindano nyayoni tukiwapo, hakutikisika. Mimi nimelala pembeni mwake usiku wote wa miaka miwili. Kama kungekuwa na kitu, hata cha ukubwa wa chembe ya mchele, ningekiona mimi, na ningekuwa najua ningekwambia siku hiyo hiyo.

Usiwaambie watu. Watasema umechoka akili. Na usimchoshe kwa kumsomea, mwachie Ame.

Nakuomba uende ukaombe siku nyengine kwa kadhi.

Wifi yako,
Tabia


Sokomuhogo, Unguja
9 Agosti 1970

Tabia,

Barua yako nilimsomea. Nilidhani itamliwaza kuisikia sauti yako, ingawa ilikuwa inatoka kinywani mwangu.

Nikasoma habari ya sindano, akapumua. Nikasoma kwamba umelala pembeni mwake usiku wote wa miaka miwili, akapumua. Nikasoma, "ningekuwa najua ningekwambia siku hiyo hiyo." Akazuia.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikaifuta miwani, nikarudia neno kwa neno. Akazuia tena, mpaka midomo ikaingia weusi. Nikamwambia, "Basi kaka, pumua, nimefahamu." Sikuwa nimefahamu. Nikamuuliza, "Tabia alijua?" Pumzi ikashuka taratibu. Nikamtajia miezi. Nilipotaja Ramadhani akaachia, Ramadhani hii iliyopita. Miezi mitatu kabla hujaondoka.

Niache niseme yangu, kisha nitanyamaza.

Mfunguo mosi, mwezi uliofuata Ramadhani hiyo, tulipomlakinia mara ya pili, ulikuwepo. Ulishika bakuli la maji ya zamzamu. Mimi nikamwombea mauti kwa sauti, nimelala juu ya kifua chake, nawe umesimama nyuma yangu unajua kwamba anasikia. Ungenigusa bega tu. Ukaniacha. Ukaniacha nikaendelea mwaka huu pia, nikampima sanda, nikamchagulia kaburi, nikamwita maiti. Nilipokuandikia kwamba Shaame kasema miguu itatoka nje, ulicheka huko uliko, au ulifanya nini?

Ukaniambia nisisome mimi, asome Ame. Sasa nimejua kwa nini. Ame hakosei. Mbele ya Ame, Simai hana la kusahihisha, anapumua tu kama mtu aliyelala. Ulimchagulia kaka yangu msomaji wa kumnyamazisha.

Na mimi nusura niape. Mkono wangu juu ya msahafu, wifi.

Nimekuwa nikikumbuka kiatu chako kilichokatika ngazini. Naona bora nisikikumbuke.

Kidawa


Magomeni, Dar es Salaam
30 Agosti 1970

Kwa Bi Kidawa,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitika.

Ni kweli. Ilikuwa Ramadhani, kumi la pili. Wewe ulikuwa jikoni na Bi Time mnakaanga sambusa, mnabishana pilipili. Nikamsomea mimi, nikakosea, nami huwa nakosea sana. Alivyozuia pumzi nilidhani roho inatoka. Nilichukua siku tatu kufahamu. Siku ya nne nilijua kwamba mume wangu yumo ndani ya mwili ule, na ananisikia, na amenisikia mwaka mzima.

Unajua nilivyokuwa nikisema mwaka mzima? Wewe ulimwombea mauti mara mbili tatu, kwa huruma. Mimi nilikuwa nikimtukana, nikimgeuza, nikimwambia, "Kwa nini hufi." Kila asubuhi. Sikuweza kumtazama usoni tena. Ndiyo maana sikukugusa bega. Ningekugusa, ungeniuliza tangu lini.

Na kuna jambo jengine, uje ulijue kwangu kabla hajakwambia yeye. Wiki ile ile nilimwomba. Nilimwambia, "Simai, niache." Akazuia. Nikamwambia tena, nimepiga magoti, akazuia. Mara ya tatu akazuia mpaka nikaogopa. Hakunikatalia hata kama mume anavyomkatalia mkewe. Alinisahihisha kama mtoto wa chuo.

Ndipo nilipoona njia ni moja tu. Asiyeacha kwa ulimi wake, na aonekane hana ulimi. Nimekudanganya wewe kwa sababu kama ungejua, kadhi angejua, na nisingefunguliwa milele.

Yupo mtu hapa, anaitwa Salem, karani wa bandarini. Hajanigusa hata kidole. Ananisubiri, lakini kasema hasubiri kupita Idi.

Nimeuliza kwa sheikh mmoja wa hapa, kama nnaulizia habari ya jirani. Kaniambia ishara ya bubu ndiyo ulimi wake; akimwacha mkewe kwa ishara iliyofahamika, ameacha. Bi Kidawa, mimi alinikatalia. Wewe hajawahi kukunyima kitu. Muulize wewe. Akikubali, niandikie, nitaleta karatasi yako kwa kadhi. Akikataa, nitajua ni neno lake na sitakusumbua tena.

Najua huna sababu ya kunifanyia hili.

Tabia


Sokomuhogo, Unguja
27 Septemba 1970

Tabia,

Nimemuuliza Alhamisi. Amezuia.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Kidawa


Magomeni, Dar es Salaam
7 Machi 1971

Kwa Bi Kidawa,

Shikamoo. Simu ya maandishi ya Shaame ilinifika tarehe 12 Februari: maneno matatu tu, Maalim Simai amefariki. Mungu amlaze pema, na wewe akupe subira. Sikuandika mara moja kwa sababu uliniambia nisiandike. Leo naandika kwa kuwa siwezi kukaa eda ya mtu bila kumpa pole dada yake.

Naam, nimekaa eda. Mama alisema, "Ulimkimbia mzima, unamkalia maiti?" Nikamwambia ndiyo. Nguo nyeupe, bila marashi, sitoki ila kwa haja. Salem alioa mfunguo mosi, mtu wa Kilwa. Simlaumu, aliniambia mapema. Siku ya harusi yake nilisikia ngoma mpaka chumbani.

Nataka nikwambie kitu, labda kitakupunguzia hasira, au kitaiongeza. Barua yako ile ya mistari miwili niliikunja nikaiweka chini ya mto. Mwanzo nilikuchukia, nikamchukia yeye. Kisha, siku zilivyokwenda, ikageuka. Nikasema, mtu huyu alinikatalia mara tatu kwangu, na mara ya nne kwa dada yake, na alikuwa na uwezo wa jambo moja tu duniani, kuzuia pumzi. Hilo moja alilitumia kunishika mimi. Mtu anayekushika bila mikono, huyo amekupenda. Nikapata kulala. Sasa nimo edani na nnalala vizuri, na kila nikiamka nnasema, nilikuwa mke wa mtu.

Kama unaweza kunisamehe, nisamehe. Kama huwezi, niambie alikufaje.

Tabia


Sokomuhogo, Unguja
22 Machi 1971

Tabia,

Marahaba.

Nimeanza kuandika "wifi yangu" nikafuta. Si kwa hasira. Utaona kwa nini.

Alhamisi ile ya Septemba, mwezi wa Rajabu, nilimsomea barua yako yote, hata pale uliposema kwamba ulimwambia kwa nini hafi. Alipumua muda wote. Nikamwambia, "Kaka, Tabia anataka umwache. Nikiandika kwamba humwachi, nitakuwa nimeandika sawa?" Akazuia. Nikamwambia, "Nikiandika kwamba umemwacha?" Akaachia, pumzi ndefu, sijapata kuisikia ndefu kama ile. Nikauliza mara tatu kwa njia mbalimbali, kama tunavyowajaribu watoto. Jibu moja.

Alikuacha. Labda ulipomwomba wewe hakuwa tayari, au aliona umeomba kwa uchungu. Sikumuuliza sababu, na pumzi haziwezi kueleza sababu.

Nikakaa mezani nikakuandikia kwamba amezuia.

Nimejitafutia visingizio vingi tangu siku hiyo. Nimesema ni kwa sababu ya sanda, kwa sababu ya zamzamu, kwa sababu ulimfanya kaka yangu asikie mimi nikimwita maiti. Vyote ni kweli na hakuna hata kimoja kinachotosha. Nadhani nilitaka mtu mmoja akae kama nilivyokaa mimi miaka hii, si mke wala si mjane. Wewe ndiye uliyenitajia Khelef, na wewe ndiye niliyekufanyia.

Nilirudi chumbani nikamwambia, "Barua nimeipeleka. Nimeandika ulivyotaka." Akazuia. Sijui alijuaje, labda ni sauti yangu, alinisomesha tangu mdogo. Nikajifanya sikuona, nikamfuta kinywa. Kesho yake nikamwambia tena. Akazuia. Kila nilipolitaja, akazuia, ananingoja nirekebishe. Basi nikaacha kulitaja. Kisha nikaacha kumsemesha. Kisha Alhamisi nikamrudisha Maalim Ame asome.

Umefahamu nilichofanya. Hakuna mtu mwengine niliyemwambia kwamba Simai yumo. Si Shaame, si Bi Time, si daktari. Nilikuandikia kwamba wewe ulimnyamazisha, na mimi nikamnyamazisha miezi minne na nusu, kwa msomaji yule yule.

Umeuliza alikufaje. Kifua kilimbana siku tano. Jumatano tarehe 10, asubuhi, saa mbili, Bi Time alikuwa ameshuka kuchota maji. Nilikuwa namlisha. Pumzi ikasimama. Sikudhani ni mauti, Tabia. Nilidhani ananisahihisha. Nikakiweka kijiko nikamwambia, "Nimekosea, kaka. Sikumwandikia kweli. Ntamwandikia leo." Nikangoja aiachie. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Bi Time alipopanda alinikuta bado namwambia.

Sikukuandikia siku ile. Wala wiki ile. Barua yako ya edani ndiyo iliyonitoa ndani.

Leo asubuhi nimekwenda kwa kadhi. Nimeweka mkono juu ya msahafu nikaapa kwamba Simai bin Kombo alikuwa na fahamu zake mpaka siku ya kufa, na kwamba alimwacha mkewe kwa ishara mbele yangu, tarehe 24 Septemba, na kwamba niliificha. Kadhi aliniuliza mara mbili kama najua nnachokisema juu ya nafsi yangu. Shaame alikuwa shahidi wa sahihi yangu, na tangu tulipotoka hajanisemesha. Nakala ya karatasi imo ndani ya bahasha hii.

Kadhi amesema eda ya talaka yako ilikwisha kabla hajafa. Kwa hivyo huna eda ya kifo. Ulikuwa huru siku ya ngoma ya Salem, na hukujua, kwa sababu yangu.

Lile ulilokuwa ukilalia, kwamba alikushika bila mikono, nimekunyang'anya. Nimefikiria kukuachia. Ningenyamaza tu, ungelala vizuri mpaka uzeeni, na mimi ningebaki wifi yako. Lakini nimeshanyamaza mara moja. Sina kitu cha kukupa badala yake.

Umekaa siku arobaini na moja kwa ajili ya mtu ambaye si mumeo. Vaa nguo zako, utoke nje.

Kidawa binti Kombo